Fundo Kwenye Mguu wa Ndege

Ndege wenyewe hawakuwa na kitu cha kuonewa wivu. Rangi yao ni kahawia, kahawia ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na kila mmoja anaenea kwenye kiganja. Wanatoka misitu ya Amazoni, ambako hupanda mashina ya miti wakitafuta wadudu kwenye magome, mkia ukiwaegemeza kama mguu wa tatu. Kwa Kiswahili sikuwahi kuwasikia jina, kwa hiyo mimi niliwaita wapanda magogo. Nilifanya nao kazi miaka mingi na sikumwona hata mmoja akiwa hai.

Wetu walikuwa wamekufa kabla bibi yangu hajazaliwa. Walikuwa wamejazwa pamba, wamelazwa chali kwenye droo, miguu imepishana, na kwenye mguu mmoja wa kila ndege kulikuwa na lebo iliyofungwa kwa uzi. Tajiri mmoja wa zamani aliwakusanya kama wengine wanavyokusanya stempu, na alipofariki aliacha mfuko mdogo wa kuwatunza. Ghala lao lilikuwa Sundbyberg, huko Uswidi, chini ya jengo la ofisi. Juu walikaa watu wa kompyuta, chini walilala ndege, na mimi nilipita kote na ndoo yangu.

Niliingia pale kama mfagizi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na Kiswidi cha kuombea radhi tu. Mtunzaji wa ndege alikuwa mama wa Kiswidi mwenye umri wa mama yangu mzazi. Waswidi huitana majina tu, mkubwa na mdogo, lakini mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Mama, naye akazoea. Hakuwa mtu wa maneno. Angeweza kukaa saa nzima na ndege mmoja na rula, kisha akasema "jaa", yaani ndiyo kwa Kiswidi, akaandika kitu, akaendelea.

Siku moja nilimkuta anapigana na uzi. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka, na lebo ndogo kama ukucha ilimshinda. Nilivua glavu, nikauchukua uzi mkononi mwake bila kuomba ruhusa, nikafunga. Mimi ni mtoto wa Bwiza, Bujumbura. Mama yangu alisuka nywele za uzi barazani, na tangu nina miaka saba nilikuwa nikimfungia ncha. Fundo letu lina mizunguko miwili na uzi unarudi chini yake wenyewe, halifunguki, hukatwa. Yule mama alilivuta, akalivuta tena, akaniangalia. Wiki iliyofuata nilipewa asubuhi za kufagia na alasiri za kufunga lebo.

Alinifundisha sheria moja kabla ya zote: lebo ya zamani haiondolewi kamwe, hata ikiwa inasema uongo. Mtu wa zamani akikosea jina la ndege, unaandika lebo mpya, unaifunga mbele ya ile ya zamani, na kosa linabaki pale watu walione. Ndege asiye na lebo ni manyoya tu. Niliipenda sheria hiyo. Niliupenda pia mwandiko wangu, ambao masista walinipigia rula vidoleni mpaka ukanyooka. Kwa miaka mitano alasiri zile zilikuwa zangu peke yangu, na nilijua kwamba Mama akistaafu, ni mimi nitakayeachiwa funguo. Hakuna aliyeniahidi. Nilijua tu, vile mtu anavyojua kiti chake mezani.

Ndipo akaja wifi yangu.

Alikuwa mdogo wa mwisho wa mume wangu. Vita viliwatawanya, yeye akalelewa na shangazi yao Uvira, ng'ambo ya ziwa, na alipotua uwanja wa ndege wa Arlanda alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na Kiswahili kimechanganyika na Kifaransa. Alikaa kwetu Hässelby, mwisho wa reli ya kijani, katika chumba cha binti yangu. Watu wa kanisani wakaja kumlaki, wakasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji aliyepona alikuwa mume wangu. Alikula ugali na ndagala za dada yake mpaka akasahau kwamba mimi nimempikia miaka kumi na moja na bado ana meno yote.

Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi nilikuwa nazo, na nilizihesabu kwenye treni. Sababu ya kwanza ilikuwa kwamba hakuwa na ubaya. Angekuwa mvivu au mwenye mdomo, ningepumua. Aliamka kabla yangu, akaosha vyombo, akanisalimia "wifi yangu mzuri", na alimaanisha. Sababu ya pili ilikuwa binti yangu. Mtoto aliyekuwa akinijibu kwa Kiswidi kila nikimsemesha Kiswahili alianza kusema Kiswahili kwa shangazi yake, tena cha Uvira. Nilisikia kupitia mlango wakicheka. Nikaingia, kicheko kikaisha, mtoto akaniambia kwa Kiswidi kwamba hakuna kitu.

Na bado ni mimi niliyempeleka ghalani. Nilijipalia makaa mwenyewe. Kiangazi kilichofuata Mama alihitaji mtu wa wiki sita wa kusafisha droo, na mume wangu akasema, "Mpeleke mdogo wako." Nikaona aibu kukataa. Nikajiambia pia kwamba vumbi na dawa ya nondo vitamfukuza kwa siku tatu.

Siku ya tatu alikuwa amesimama mbele ya droo moja, kitambaa mkononi, hafuti kitu.

"Wifi," akasema, "hawa si wamoja."

Ilikuwa droo ya wapanda magogo wa jenasi iitwayo Deconychura. Jenasi ni kama nyumba, na ndani ya nyumba ile kulikuwa na spishi mbili, ndugu wawili. Mkubwa ana mkia mrefu. Mdogo ana madoadoa kooni na kiuno chenye wekundu zaidi. Ukiwasoma kwenye kitabu ni rahisi. Kwenye droo, ambako wote wamefifia, na majike ya mkubwa yana mwili mdogo unaokaribia wa yule mwingine, ni kama kutenganisha mchele na mchele. Mimi nilikuwa nimewafungia lebo miaka mitano na kwangu walikuwa ndege wa kahawia wote. Nilisoma kilichoandikwa, nikanakili.

"Huyu na huyu ni nyumba moja," wifi akasema akionyesha bila kugusa. "Lakini huyu hapa, koo yake iko na alama alama. Vraiment, kweli, ni mwingine."

Mama alikuwa mlangoni. Hakujua Kiswahili, lakini alikiona kidole. Akaja, akachukua rula, akapima, akasema "jaa". Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimjue: akatabasamu. Alasiri ile, kwenye kahawa ya saa tisa, alitoa kikombe cha tatu kabatini. Kilikuwa na maua ya buluu. Miaka yote mimi nilinywea cha plastiki nilichokuja nacho, na wala sikuwa nimejali mpaka dakika ile.

Wiki sita zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Wifi alikuwa akija alasiri baada ya masomo ya Kiswidi, na Kiswidi chake kikanipita kama basi lisilosimama kituoni. Alijifunza majina ya Kilatini. Alijua droo ambazo mimi nilizifungua kwa namba tu. Wageni wakija, wataalamu wenye ndevu na mabegi ya mgongoni, Mama alimwita yeye awaonyeshe, na mimi nikaitwa kutafuta kiti. Nilianza kufunga lebo kwa nguvu mno mpaka nikauvunja mguu wa ndege mmoja. Nilimrudisha kwenye droo, mguu nikaufunga pamoja na lebo, nikanyamaza.

Hata Jumapili sikupata nafasi. Msimu mmoja wa machipuo tulikwenda kutembea msitu wa Grimsta, karibu na kwetu, sisi sote wanne. Wifi akasimama ghafla, akamshika binti yangu begani. Juu ya shina la msonobari kulikuwa na ndege mdogo anapanda kwa kuzunguka, tumbo jeupe, mgongo wa rangi ya gome lenyewe. Waswidi wana mpanda magogo wao, asiye na undugu na wale wa Amazoni, ila kazi ni ile ile.

"Umemwona?" wifi akanong'ona. "Anaanza chini, anapanda. Akifika juu, anaruka chini ya mti mwingine, anaanza tena."

"Namwona, shangazi," binti yangu akajibu kwa Kiswahili.

Mume wangu naye alimwona. Mimi niliangalia shina lile mpaka machozi yakanitoka kwa baridi na sikuona kitu kinachotembea. "Nimemwona," nikasema. Walikuwa wamekwisha kusonga mbele.

Mwaka wa 2010 au uliofuata, Mama alikuja na karatasi kadhaa zilizochapwa, akatuketisha. Wanasayansi walikuwa wamechunguza vinasaba vya wale ndege wetu wawili, akatueleza polepole. Kwa zaidi ya miaka mia watu waliwaweka nyumba moja wakidhani ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Yule mdogo mwenye koo la madoa ana ukoo wake mbali, wamefanana tu. Amepewa jenasi mpya, Certhiasomus, na ndani yake yuko peke yake. Yule wa mkia mrefu anabaki na jina la zamani, na nyumba yote ni yake.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilimwangalia wifi yangu akisikiliza kwa mdomo wazi, nikawaza kwamba hata ndege hukaa pamoja kwa makosa, na siku moja mtu mwenye akili huja akawatoa.

Mama alikuwa hajamaliza. Alisema anastaafu machipuo. Kazi ya kuwatenganisha ndege hawa itakuwa ya mwisho atakayoisimamia, na tutaifanya sisi wawili bila yeye, naye atakagua mwishoni. Baada ya hapo ataiambia bodi ya mfuko nani aachiwe kazi. Kazi ya kudumu, yenye likizo na mkataba, si kazi ya kuitwa kwa simu. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Magoti yangu yalikuwa yameanza kuikataa ndoo. Nilijua sitapata tena mlango mwingine kama ule.

Kisha akagawa kazi. Wifi atawatenganisha ndege na kuwafunga lebo mpya. Mimi nitaandika lebo.

"Kufunga ni kazi yangu," nikasema.

"Wewe unajua kufunga tayari," Mama akajibu. "Yeye ajifunze."

Kwa hiyo hata fundo nilinyang'anywa. Nilikaa kwenye meza ya pembeni nikiandika majina, na yeye alisimama kwenye meza kubwa yenye taa, droo mbili mbele yake, akimwinua ndege mmoja mmoja kama anayechagua mayai. Alianza kooni, akaenda mkiani, akamgeuza, akaangalia kiuno. Ndivyo Mama alivyotufundisha sote wawili, koo, mkia, kiuno, na mimi niliweza kuyasema maneno hayo matatu kama Baba Yetu bila kuona chochote. Aliwafunga lebo kwa fundo la viatu. Nililiona na sikumrekebisha. Mafundo yake yalikuwa na masikio mawili yanayoning'inia, na nilifurahia ubaya wao.

Tulifanya hivyo wiki tatu za Januari. Ijumaa ya mwisho kazi ilikwisha, droo mbili zikiwa kwenye meza, kila ndege na lebo yake mpya, tayari kwa ukaguzi wa Jumatatu. Mama alikuwa ameenda kwa daktari wa meno. Saa tisa kasoro shule ikapiga simu: binti yangu ana homa, achukuliwe.

"Kaa, wifi," yule dada akasema akivaa koti langu kwa sababu lake lilikuwa jembamba. "Miye nitaenda. Wewe umechoka."

Akaenda kumchukua mtoto wangu, na koti langu. Niliusikia mlango wa juu ukifungwa.

Sikupanga. Nimejiuliza mara nyingi na jibu ni hilo, sikupanga, lakini mkono ulikuwa unajua njia. Nilikwenda kwenye droo ya Certhiasomus, ya wale wadogo. Nilichukua ndege wa ukingoni, aliyekuwa karibu. Sikumwangalia, nilikuwa nikiangalia mlango. Nikakata fundo la viatu, nikaitupa lebo mpya, nikaketi, nikaandika nyingine yenye namba ile ile na jina la Deconychura, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaifunga. Kisha nikamlaza kwenye droo ya pili katikati ya wale wa mkia mrefu. Mama angewapima Jumatatu. Angemkuta mdogo kati ya wakubwa, angesema yule msichana hana jicho alilodhaniwa kuwa nalo, ana bahati tu. Kosa moja lilitosha. Sikuhitaji mawili.

Ile lebo niliyoitupa nilirudi kuitoa kwenye pipa, nikaitia mfukoni, nikaenda nayo mpaka Hässelby. Nilipofika, mtoto alikuwa amelala, kichwa kwenye mapaja ya shangazi yake, na supu ilikuwa jikoni. Nilikula bakuli mbili. Nilikuwa na njaa kweli.

Jumatatu Mama alianza na droo ya wadogo, akapita yote na rula yake, akisema "jaa" baada ya "jaa". Akaingia droo ya pili. Sisi wawili tulisimama upande wa pili wa meza. Alipomfikia ndege wangu alisimama. Hakuangalia koo wala mkia. Alikuwa ameangalia mguu.

"Fundo la lebo hii mpya si lake," akasema. Akalivuta kwa ukucha. Halikusogea. "Hili ni lako."

Mafundo yote ya lebo mpya kwenye meza ile yalikuwa na masikio mawili, isipokuwa moja. Vidole vyangu vilikuwa vimefanya vilichozoea tangu Bwiza, bila kuniuliza. Nilihesabu ni nini nitamwambia mume wangu, na nikaona nitasema nimeachishwa kwa sababu ya umri.

Mama alimchukua yule ndege, akaenda naye dirishani, akakaa huko muda mrefu. Tuliona mgongo wake tu. Alirudi, akamlaza pale pale nilipokuwa nimemlaza mimi.

"Nilimwona wiki iliyopita kwenye droo ile nyingine," akasema. "Nikanyamaza, nikangoja kama kuna mtu atamwona. Huyu hunisumbua hata mimi. Ni wa mkia mrefu." Akanigeukia. Yule mama asiye na maneno aliniwekea mkono juu ya mkono wangu. "Una jicho, na umelificha miaka yote hii."

Sijui kama mtu anaweza kuelewa. Nilikuwa nimeiba kitu, na kilichoibwa kikageuka kuwa changu. Kati ya ndege wote wa droo ile, mkono wangu ulikuwa umemwokota yule mmoja ambaye wifi yangu alikuwa amekosea. Nilipaswa kusema. Nilikuwa na Kiswidi cha kutosha kusema. Nilitabasamu, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Wifi alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Sikumwona," akasema kwa Kiswidi, taratibu. "Nilimwangalia mara tatu."

Mama alitueleza siku ile ile alichokuwa amefikiri. Alikuwa ameshaiandikia bodi. Kazi igawanywe mara mbili, nusu kwa kila mmoja, kwa sababu mmoja ana jicho na mwingine ana mkono. Sasa anaona kwamba mmoja ana vyote viwili, lakini shauri lake ni lile lile, nusu kwa nusu, kama tunakubali.

Mimi nilikubali papo hapo. Wifi aliomba wiki mbili. Zilipokwisha alimwambia Mama kwamba anashukuru sana, ila amepata kazi kwenye kiwanda cha dawa huko Södertälje, na rafiki wa Kirundi ana chumba. Mama alijaribu kumshawishi kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Wifi alikataa kwa adabu. Kazi yote ikawa yangu. Nilitoka pale nikanunua keki ya krimu, ile ya kijani wanayokula Waswidi siku za furaha, nikasema nyumbani kwamba ni ya kumuaga wifi.

Alifungasha Jumamosi mchana. Nguo zake zilikuwa chache, na binti yangu alikuwa amejifungia bafuni analia kwa Kiswidi. Nilikwenda kusimama mlangoni mwa chumba, kwa sababu ni adabu mwenye nyumba asimame. Nilikuwa mwepesi. Nilikuwa na ukarimu wa mtu aliyeshinda, nikamwambia, "Södertälje si mbali, wifi. Treni mbili tu."

"Siyo mbali," akasema. Alikuwa anakunja sketi. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nilikuwa nataka kukushukuru."

"Kwa nini?"

"Ulimsahihisha ule ndege na ukanyamaza. Ungeweza kuniaibisha mbele ya Mama. Donc, basi, uliandika lebo, ukafunga, ukaacha." Akaifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikakuonea wivu, wifi. Nisamehe. Miye nilifikiri niko na jicho. Kitu kimoja tu nilifikiri niko nacho katika nchi hii. Nikalala nikiwaza, mtu anafagia, anapika, analea, hasemi kitu, kumbe anaona kunipita. Siwezi kukaa pale kuigiza."

Nilishika fremu ya mlango. Ilikuwa ndiyo nafasi, na ilikuwa na upana wa kutosha. Ningesema maneno matatu na angefungua begi. Lakini angefungua begi, angerudi ghalani, na kikombe cha buluu kingetoka kabatini. Niliona yote hayo kwa mpangilio huo.

"Usijali," nikasema.

"Nifundishe basi, kabla sijaenda." Sasa aliinua uso, na ulikuwa wazi kama wa mtoto anayeuliza hesabu. "Kila usiku namfikiria. Nilimgeuza, nilimpima, nikakosa. Wewe ulimjulia wapi?"

Koo, mkia, kiuno. Nilichukua la kwanza.

"Kooni," nikasema. "Koo lake halina madoa. Nililiangalia vizuri, nikaona ni jeupe tupu."

Mikono yake ilisimama juu ya sketi.

"Ule ndege hana koo, wifi," akasema. "Wadudu waliila zamani. Pale kuna pamba tu."